Nani Amefunga Mvua?



Wapendwa wasikilizaji, katika sura ya 12 ya Injili ya Luka, Bwana wetu anawashangaa watu wanaojua kusoma wingu la magharibi na upepo wa kusini, lakini hawajui kuutambua wakati wao. Hawalaumu kwa kutazama mbingu. Anawalaumu kwa kuishia hapo.

Mvua ikichelewa, vigangoni mwetu husikika minong'ono kwamba fulani ameifunga. Mara nyingi anayenyooshewa kidole ni bibi kizee, mjane asiye na mtetezi. Wengine husema Mungu ametukasirikia. Na wasomi baadhi hudai kwamba jua limezidi ukali, au kwamba dunia imekuwa ikibadilika tangu zamani, basi hakuna jipya. Tuyapime maneno hayo kwa haki, kwani ushahidi wa uongo humwumiza jirani.

Kwanza, msimu mmoja si tabia ya nchi. Wataalamu huipima kwa miaka ipatayo 30. Ukame mmoja, au mwaka mmoja wa baridi, hauthibitishi wala haukanushi jambo. Hata barafu ya Kilimanjaro, iliyoenea kilometa za mraba zipatazo 12 mwaka 1912 na kubaki chini ya 2 karne moja baadaye, imepungua kwa sababu zaidi ya moja, ukavu wa hewa ukiwamo. Kwa hiyo ushahidi haukujengwa juu ya mlima mmoja. Vipimajoto vya nchi kavu na vya baharini, duniani kote, vyaonyesha kwamba joto limepanda kwa zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi tangu nusu ya pili ya karne ya 19.

Je, ni jua? La hasha. Vyombo vilivyorushwa angani vimelipima jua tangu mwaka 1978, na nguvu yake haikuongezeka. Tena, kama jua ndilo chanzo, anga lingepata joto juu na chini. Kumbe tabaka la chini lapata joto, na tabaka la juu lapoa. Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyejifunika blanketi: ndani joto, nje baridi.

Blanketi hilo ni nini? Mwaka 1859 John Tyndall alionyesha kwa majaribio kwamba hewa ya ukaa huzuia joto. Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kuipima huko Mauna Loa, Hawaii: katika kila sehemu milioni moja za hewa, zilikuwa 315 hivi. Sasa zimepita 420. Mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa katika barafu ya Antaktika yanashuhudia kwamba, kwa miaka 800,000 kabla ya viwanda, hazikupita 300 hivi. Ni kweli dunia ilibadilika zamani. Lakini safari hii chanzo chajulikana, nacho ni makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa, pamoja na misitu inayoteketezwa.

Basi, ndugu wapendwa, bibi yule hakufunga mvua. Wala tusimsingizie Mungu kazi ya mikono ya wanadamu. Katika hewa ya ukaa inayotokana na nishati hizo, sehemu ya Afrika haifiki asilimia 5 kwa mwaka. Hivyo tukizidai nchi tajiri zitimize wajibu wao, hatuombi sadaka, twadai haki. Lakini dai hilo halitupi ruhusa ya kufyeka miti kwenye vyanzo vya maji yetu.

Nanyi makatekista, minong'ono ikianza katika jumuiya ndogondogo, msinyamaze. Semeni ukweli huu mapema, tena nendeni mkaketi barazani kwa yule anayetuhumiwa, watu wawaone. Tuombe mvua kwa imani, lakini tusimtafute mchawi. Anayemwomba Mungu huku akimwonea mjane, sala yake ina walakini.

Mungu awabariki nyote. Amina.