Stenti ya Umio: Dalili Zisizosubiri Asubuhi

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Bombolulu



Saratani ya umio, ambayo wengi huiita kansa ya koo, huanza polepole. Kwanza nyama hukwama, kisha wali, kisha uji, na mwishowe hata mate hayapiti. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeenea na upasuaji hauwezi tena kusaidia. Hapo daktari anaweza kumwekea mgonjwa stenti, yaani mrija wa wavu wa chuma. Hupitishwa mdomoni kwa msaada wa endoskopi, ule mpira mwembamba wenye kamera. Ikifika mahali palipobana, hutanuka yenyewe na kufungua njia. Saratani haiondoki, lakini mgonjwa hula tena.

Kazi hii si ngeni Kenya. Hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet, imewawekea stenti wagonjwa wengi, na mwaka 2009 matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Lancet Oncology. Wengi walimeza vizuri zaidi. Hata hivyo, matatizo huweza kutokea, na mara nyingi huanzia nyumbani, mbele ya jamaa.

Siku za kwanza kifua huuma kwa sababu stenti bado inatanuka. Maumivu hayo hutulizwa kwa dawa alizoandika daktari. Lakini maumivu makali yanayozidi, pamoja na homa, kuhema kwa shida au shingo kuvimba, huenda yanaonyesha kuwa umio umetoboka. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni dalili ya kuvuja damu ndani. Kukohoa kila anapomeza kunaweza kumaanisha chakula kinaingia katika njia ya hewa. Dalili hizi hazisubiri asubuhi.

Baada ya wiki au miezi, njia inaweza kuziba tena. Pengine chakula kimenasa, pengine stenti imehama mahali pake, au saratani imekua kupitia matundu ya wavu na kwenye ncha zake. Hapa ndipo mgonjwa anaweza kupotea bure. Jamaa wakiona hamezi tena, hudhani ugonjwa umefika mwisho, wakamwacha kitandani na kiu na njaa. Kumbe chakula kilichonasa huweza kuondolewa kwa endoskopi, na mara nyingi stenti ya pili huweza kuwekwa. Kuziba tena si hukumu. Ni sababu ya kurudi hospitali.

Iko desturi ya nyumbani: mwiba wa samaki ukimkwama mtu, humezeshwa tonge la ugali bila kutafuna, ili liusukume. Mwenye stenti asifanyiwe hivyo kamwe. Tonge hilo litaziba mrija, na kulisukuma kunaweza kuleta madhara zaidi.

Chakula chake kiwe laini: uji, mashendea, supu, mbaazi zilizopondwa, samaki aliyetolewa miba yote. Vipande vya nyama, mkate mkavu na embe la nyuzi aviepuke. Ale akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, atafune sana, kisha anywe maji. Stenti iliyowekwa chini, umio unapokutana na tumbo, huacha mlango wazi na asidi hupanda. Kwa hiyo asilale mara tu baada ya kula, na kichwa na kifua viinuliwe kwa mito.

Familia ijipange mapema. Barua ya hospitali yenye tarehe na aina ya stenti, kitambulisho na nambari ya SHA vikae pamoja mahali kila mtu nyumbani anapajua. Ijulikane ni jirani gani mwenye gari atakayeamshwa usiku, kwa maana kutoka Bombolulu hadi Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani, ni lazima kuvuka Daraja la Nyali. Na wakifika kitengo cha dharura, neno la kwanza liwe hili: mgonjwa huyu ana stenti ya umio.