Hotuba ya Mwenyekiti: Mwaka Ule wa Korona



Leo tunatimiza miaka kumi. Mengi yamesemwa, sisi tutasema habari ya mwaka 2020.

Mnakumbuka. Machi shule zilifungwa, ikaja kafyu ya saa moja jioni. Aprili Kwale yetu nayo ikafungwa, hapana kutoka wala kuingia. Kule Diani hoteli zikafunga milango. Mwenzetu mmoja, mdogo wetu sote, mumewe alikuwa mpishi huko. Akarudi nyumbani bila mshahara. Nyumbani mtoto mdogo, na mama ana mimba ya miezi saba.

Wiki tatu hakuleta hisa. Kitabu chetu kilisema atolewe. Tuseme ukweli, wengi wetu tulipopigiana simu tulikubali. Mama mmoja akauliza, "Na yakikufika wewe?" Tukanyamaza.

Basi tukamkopesha shilingi 3,000, bila faini. Mumewe akaanza kukaanga viazi karai na mahamri mlangoni. Tulimcheka, mwanamume na mahamri! Lakini tulinunua kila asubuhi. Mtoto akazaliwa usiku wa kafyu, gari hakuna, tukampokea kwa mikono yetu wenyewe. Disemba deni likaisha.

Ile sheria tuliifuta. Na huyo mwenzetu leo ndiye anashika ufunguo mmoja wa sanduku letu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tusisahau tulivyokaribia kumtupa.