ALIYESHIKA KAMBA



Huko Uswisi, katika milima ya Alpi, kiko kijiji kiitwacho Zermatt. Msafiri aendaye huko kwa motokaa huiacha katika kijiji cha Täsch, kama kilomita 5 kabla ya kufika, kisha hupanda treni, maana magari ya petroli hayaruhusiwi kijijini. Juu yake umesimama mlima Matterhorn, mita 4,478, umechongoka kama ncha ya mkuki.

Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walifika kileleni kwa mara ya kwanza. Mmoja wao alikuwa kasisi wa Kianglikana, Charles Hudson. Wakishuka, hali wamefungana kwa kamba, kijana Hadow, mwenye miaka 19, aliteleza akamwangusha kiongozi Michel Croz. Nao wakawavuta Hudson na Lord Francis Douglas. Nyuma yao Peter Taugwalder, mwenyeji wa Zermatt, alijikaza mwambani pamoja na mwanawe na Edward Whymper. Kamba ikakatika. Wanne wakaanguka wakafa, watatu wakapona.

Kipande cha kamba ile kimo katika jumba la makumbusho la kijiji, na wageni hukitazama. Ni chembamba. Katika kamba walizochukua siku ile, hiyo ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote.

Lakini watu walinong'ona kwamba Taugwalder aliikata kwa kisu ili ajiokoe. Uchunguzi ulifanywa mwezi uleule, naye akaonekana hana hatia. Hata hivyo uvumi haukukoma. Mtu aliyeshika kwa nguvu zake zote ndiye aliyesemwa kuwa ameachilia!

Ndugu msikilizaji, je, kwetu si hivyo? Mtunza hazina wa kanisa amekaguliwa hesabu zake, zimeonekana sawa, lakini mlangoni baada ya ibada bado anasemwa. Mama amemwuguza mumewe usiku na mchana mpaka mwisho, na matanga hayajaisha, wakwe wanaulizana alimlisha nini. Wasemao hivyo walikuwa wapi kamba ilipokuwa ikivuta?

Amri ya tisa yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Naye Yakobo, katika sura ya tatu ya waraka wake, aufananisha ulimi na moto mdogo uteketezao msitu mkubwa. Wengi wetu hatukuuwasha moto huo. Tuliupitisha tu kwa jirani. Lakini msitu hauulizi nani aliyewasha na nani aliyepitisha.

Basi leo, ukiletewa neno la namna hiyo, liishie kwako. Kisha mwendee yule anayesemwa, umjulie hali, ukae naye.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyeshuhudiwa uongo ukanyamaza, uilinde midomo yetu, ukawatie nguvu wote walioshika wakalaumiwa. Amina.