Dawa Inasingiziwa: Nguvu ya Vipimo vya Meno na Usafishaji Wake Kisiwani Mombasa

Wenzangu madaktari na mafundi wa maabara ya meno,

Mvutano huu tunaujua sote. Maabara inasema kipimo kimefika kimelegea au kimechanika. Kliniki inajibu kwamba kimeharibiwa na dawa ya kuua vijidudu. Kwa maoni yangu dawa inasingiziwa. Alginati tunayochukulia vipimo hudhoofishwa zaidi na muda, maji na mikono yetu.

Kusafisha si hiari. Kipimo hutoka kinywani na mate, mara nyingi na damu, na virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kudumu siku 7 nje ya mwili. Kusuuza peke yake hakuviui, lakini lazima kutangulie, kwa sababu damu humaliza nguvu ya klorini kabla haijavifikia.

Alginati hutokana na mwani wa kahawia. Ikishaganda, sehemu yake kubwa ni maji: ikiachwa mezani husinyaa, ikizamishwa muda mrefu huvimba. Silikoni haina tabia hiyo, ndiyo maana huvumilia kulowekwa. Polieta hunywa maji, kwa hiyo nayo isipitishe dakika 10.

Sasa nguvu yenyewe. Kiwango cha ISO 1563 cha mwaka 1990 kilitaka alginati ihimili mgandamizo wa angalau MPa 0.35, nguvu ndogo kweli. Na pigo kubwa huipata inapong'olewa kinywani, kabla ya kuonja dawa yoyote. Tazameni ule utando mwembamba unaopenya kati ya magego mawili: hapo ndipo huchanika. Ama trei ilibana hata unene ukawa chini ya mm 3, ama ilitolewa mapema, ama ilitikiswatikiswa. Katika dakika 4 za kwanza baada ya kuganda, nguvu huongezeka karibu maradufu. Kwa hiyo ngojeni dakika 2 au 3, kisha mvute mara moja, kwa haraka. Alginati ikivutwa polepole huchanika upesi zaidi.

Hapa Mombasa kuna jambo jingine. Visima vya Mji wa Kale vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chumvi na chokaa. Kalisi ndiyo inayogandisha alginati, basi maji hayo huiharakisha, na joto letu likizidisha, rojo hukakamaa kabla trei haijafika kinywani. Kipimo cha namna hiyo hutoka dhaifu, kisha lawama hubebeshwa klorini. Changanyeni kwa maji yasiyo na chumvi wala chokaa, yaliyopozwa kwenye friji.

Klorini nayo ipimwe. Jik ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 6, hutoa asilimia 0.5. Kukadiria kwa macho ndiko kunakozaa dawa kali inayokwaruza uso wa kipimo, au hafifu isiyoua kitu. Jua na joto huimaliza nguvu, basi ichanganywe kila siku na chupa isikae dirishani. Nyunyizeni kipimo chote, kikae dakika 10 ndani ya mkebe wenye kifuniko, si mfuko (mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, na mkebe ni bora hata hivyo), kisha suuzeni, kung'uteni maji na kumimina plasta bila kuchelewa.

Limebaki suala la kuaminiana. Kliniki husafisha, maabara, kwa kutojua, huloweka tena nusu saa nzima, na hapo ndipo alginati huvimba kwelikweli. Kila kipimo kifungwe kikaratasi chenye jina la dawa, saa kilipotoka kinywani na saa kilipomaliza kusafishwa. Kisicho na kikaratasi kihesabiwe kichafu: kinyunyiziwe dakika 10, kisuuzwe, kimiminiwe plasta. Kisilazwe ndani ya beseni kungoja fundi arudi kutoka chakula cha mchana.