Theluthi ya Mshahara na Kadi Iliyo Mikononi mwa Mkopeshaji: Madeni katika Familia Changa za Watumishi

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya maofisa utumishi, maofisa ustawi wa jamii na viongozi wa SACCOS za watumishi, Morogoro

1. Utangulizi

Nimeombwa kuzungumzia namna familia changa zinavyoweza kulipa madeni huku zikilea watoto wadogo. Nitapita haraka kwenye yale tunayoyajua sote, kisha nitumie muda mrefu kwenye tatizo moja ambalo kwa maoni yangu ndilo linalozifanya nasaha zetu nyingi zishindwe kuzaa matunda: mtumishi kukabidhi kadi yake ya benki na namba yake ya siri kwa mkopeshaji wa mtaani.

Maoni yaliyomo humu ni yangu kama mshauri wa mikopo. Yasichukuliwe kuwa msimamo wa taasisi yoyote.

2. Maana ya maneno yanayotumika

Familia changa katika mada hii ni wazazi, au mzazi mmoja, wenye angalau mtoto mmoja aliye chini ya umri wa kuanza darasa la kwanza. Mkopo ni fedha inayotolewa kwa makubaliano ya kurejeshwa. Riba ni gharama ya mkopo huo. Rejesho ni kiasi kinacholipwa kila kipindi. Dhamana ni kile ambacho mkopeshaji ana haki ya kukigeukia mkopaji akishindwa kulipa.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne: wanaopokea amana, wasiopokea amana (wakiwemo wakopeshaji binafsi), SACCOS (vyama vya ushirika wa akiba na mikopo), na vikundi vya kijamii. Kanuni zake zilitoka mwaka 2019. Kwa daraja la pili, riba haipaswi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Asiye na leseni anakopesha nje ya sheria, hata kama ana ofisi, mhuri na fomu zilizochapwa vizuri.

3. Hali ya familia changa ya mtumishi

Tuchukue mfano wa mtumishi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 aliyesoma kwa mkopo wa elimu ya juu. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, yaani 120,000. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya ni asilimia 3, yaani 24,000. Kodi ya mapato ni 68,000. Bila kuhesabu ada ya chama cha wafanyakazi, anabaki na 548,000.

Utaratibu wa utumishi unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote. Theluthi ya 800,000 ni kama 266,667. Maana yake benki bado ina nafasi ya kukata zaidi ya shilingi 281,000 kila mwezi, na vijana wengi huijaza nafasi hiyo yote ndani ya miaka miwili ya kwanza ya ajira: kiwanja, harusi, tofali, pikipiki, matibabu ya mzazi kijijini. Mkopo wa miaka saba ni jambo la kawaida. Mtoto aliyezaliwa mwezi mkopo ulipotoka ataanza darasa la kwanza wakati rejesho la mwisho ndiyo kwanza linakaribia, na hiyo ni kama wazazi hawakuongeza mkopo juu ya mkopo katikati ya safari.

Theluthi hiyo haihesabu watoto. Kijana anayeishi peke yake na mama mwenye mapacha wa miezi minne wanapimwa kwa kipimo kilekile. Elimu ya msingi katika shule za serikali haina ada, nasi tunajivunia hilo. Lakini miaka ya kabla ya shule ndiyo yenye matumizi yasiyosubiri: maziwa, unga wa uji, nepi, dada wa kazi au kituo cha kulelea watoto, nauli ya kliniki, dawa ya homa saa nne usiku. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa mapacha. Baada ya hapo mama anarudi kazini na lazima mtu alipwe kumshika mtoto. Gharama hiyo mpya huanza mwezi uleule ambao akiba ya uzazi imekwisha.

4. Kadi kama dhamana: kiini cha tatizo

4.1 Inavyofanyika

Mtumishi aliyebakiwa na theluthi hawezi kukopa tena benki, kwa kuwa mfumo wa mishahara unamkatalia. Mtoto anaugua, au dada wa kazi anadai mshahara wake. Anaelekezwa kwa mkopeshaji wa mtaani, ambaye haulizi hati ya mshahara wala mdhamini. Anataka kadi ya ATM, namba ya siri na sahihi kwenye karatasi ambayo mara nyingi sehemu ya kiasi imeachwa wazi.

Nimeziona kadi hizo. Kila moja imetiwa kwenye bahasha ndogo ya kaki, na juu yake imeandikwa kwa kalamu ya wino jina la shule au zahanati anakofanya kazi mwenye kadi, kiasi anachodaiwa na tarakimu nne za siri. Bahasha zimefungwa kwa mpira, kifungu kwa kifungu, kwa kufuata kata. Mshahara unapoingia, mtu mmoja husimama kwenye mashine na vifungu hivyo, anatoa fedha kadi baada ya kadi, na wenye kadi wakisubiri pembeni wapewe kilichobaki. Kina mama wengine wapo hapo na watoto mgongoni.

4.2 Hesabu yake

Turudi kwa mtumishi wetu, ambaye baada ya rejesho la benki anabaki na 266,667. Anakopa 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, kiwango ambacho mtaani hakimshangazi mtu. Siku ya mshahara mkopeshaji anatoa 240,000. Familia inabakiwa na 26,667 kwa mwezi mzima. Haiwezekani. Basi palepale kwenye mashine mkopeshaji anamrudishia 200,000 kama mkopo mpya, na kadi inarudi kwenye bahasha.

Kwa macho ya familia, kila mwezi imelipa na kila mwezi imepata. Kwa hesabu, inatoa 40,000 kila mwezi na deni halipungui hata shilingi. Baada ya miezi 12 imelipa 480,000 kwa mkopo wa 200,000, na bado inadaiwa 200,000 ileile. Kwa bei ya shilingi 2,000 kwa lita, hizo 40,000 ni lita 20 za maziwa zinazotoka kila mwezi kwenye nyumba yenye mtoto mdogo. Ndiyo maana mtaa umeiita mikopo hii kausha damu.

4.3 Kwa nini ni tatizo la pekee

Theluthi ya mshahara ni kinga iliyowekwa ili familia ipate kula. Kinga hiyo inafanya kazi kwenye hati ya mshahara, na inakoma fedha inapofika benki. Kadi inapokuwa mikononi mwa mtu mwingine, theluthi ya sheria inamsubiri yeye. Sisi maofisa tunaangalia hati, tunaona mtumishi amebaki na kiwango kinachotakiwa, tunaandika kwenye taarifa kuwa hali ni nzuri. Taarifa hiyo ni sahihi kwa karatasi na si kweli kwa nyumba ile.

Pili, nasaha zote tunazotoa, yaani andika bajeti, lipa deni lenye riba kubwa kwanza, weka akiba kidogo kidogo, zinamchukulia mkopaji kama mtu anayeshika mshahara wake. Asiyeushika hana cha kupangia. Kwa miaka mingi nimewasikiliza wataalamu wakiwalaumu vijana kwa kukosa nidhamu ya fedha. Wapo wasio na nidhamu, sikatai. Ila wengi ninaowahudumia wana daftari la matumizi lililoandikwa vizuri kuliko ofisi nyingi. Kinachokosekana ni kadi.

Tatu, mwenzi mara nyingi hajui. Kadi inasemekana imepotea au imemezwa na mashine. Siku siri inapofichuka, ugomvi wa deni unageuka ugomvi wa ndoa, na ofisa ustawi wa jamii analetewa shauri la matunzo ya mtoto ambalo mzizi wake ni bahasha ya kaki.

4.4 Kwa nini halikomi

Nimelileta jambo hili kwenye vikao vya aina nyingi. Benki husema mkataba wa akaunti unamtaka mteja asimpe mtu namba ya siri, kwa hiyo kosa ni la mteja. Waajiri husema mikopo binafsi haiwahusu. Serikali za mitaa husema mkopeshaji ana leseni ya biashara. Polisi wakati mwingine hupokea madai ya mkopeshaji kana kwamba kudaiwa ni jinai, ilhali deni la mkataba ni shauri la madai. Kila mmoja ana hoja yake, nami naiheshimu. Lakini mashine ya ATM iko mahali pa wazi, na mtu mwenye kadi kumi za watu wengine si mgumu kuonekana.

Kwa upande wa mikopo ya simu tumeona kuwa hatua zinawezekana. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni, na wananchi wakajua wa kumkwepa. Mkopeshaji wa bahasha hajapata kushughulikiwa kwa uzito huo.

Ninapowashauri watumishi wafunge kadi zao benki, swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Kiongozi, nikifunga kadi, si watakuja kubeba vitu nyumbani?" Jibu langu huwa na sehemu tatu. Kufunga kadi hakufuti deni. Kunakurudishia mshahara ili uweze kulipa deni kwa mpango. Na mtu kuvamia nyumba na kubeba godoro la mtoto bila kufuata taratibu za sheria ni kosa linaloripotiwa kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi.

5. Mapendekezo

5.1 Ofisa utumishi asiishie kwenye hati ya mshahara. Kwenye mazungumzo ya faragha na mtumishi mwenye mtoto mdogo aulize swali moja: kadi yako iko wapi?

5.2 Anayejibu kuwa haiko naye asikaripiwe wala kupelekwa kwenye nidhamu. Asindikizwe benki siku hiyohiyo, kadi ifungwe, namba ya siri ibadilishwe, kadi mpya itolewe.

5.3 Kabla ya kadi kufungwa, deni lote liandikwe: aliyekopesha, kiasi kilichotolewa mkononi, kiasi kilichokwisha kulipwa. Mkopeshaji apelekewe barua ya mpango wa kulipa, nakala ibaki kwa ofisa.

5.4 SACCOS zianzishe mkopo mdogo wa kukomboa kadi. Fedha ilipwe kwa mkopeshaji moja kwa moja, mbele ya mashahidi, na kadi ipokelewe hapohapo.

5.5 Riba ya mkopo huo ihesabiwe kwa salio linalopungua. Mkopo wa 1,200,000 wa miezi 12 kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, riba ikihesabiwa kwa mkopo wote wa awali, unagharimu riba ya 504,000. Ukihesabiwa kwa salio, huku mtaji ukilipwa 100,000 kila mwezi, riba ni 273,000. Tofauti ya 231,000 ibaki kwa mtoto.

5.6 SACCOS zisikubali kuongeza mkopo juu ya mkopo kwa mzazi aliye kwenye likizo ya uzazi bila kumpa mashauriano kwanza.

5.7 Wenzi wote wawili waitwe kwenye mashauriano. Deni linalofichwa ndani ya nyumba halilipiki.

5.8 Familia yenye biashara ndogo ielekezwe kwenye mikopo isiyo na riba ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo iombwe kwa ajili ya mtaji. Isiombwe kwa kulipa kausha damu.

5.9 Benki ziwape walinzi na mawakala maelekezo ya kutoa taarifa wanapomwona mtu anayetumia kadi nyingi kwa mfululizo.

5.10 Halmashauri zihakikishe kila anayekopesha ana leseni ya huduma ndogo za fedha. Leseni ya biashara ya kawaida haitoshi.

5.11 Wizara zinazohusika zifikirie, kwa utaratibu wao, kama theluthi moja inatosha kwa mtumishi mwenye watoto walio chini ya umri wa shule.

5.12 Vyama vya wafanyakazi vitoe elimu ya mikopo kwa waajiriwa wapya kabla ya mshahara wa kwanza, si baada ya mkopo wa tatu.

5.13 Narudia kwa msisitizo: ofisa ajue kadi iko wapi. Mapendekezo mengine yote yanaanzia hapo.

6. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, sipendekezi vijana waache kukopa. Nyumba nyingi tunazoishi zimejengwa kwa mikopo, na watoto wengi wamesomeshwa kwa mikopo. Ninachosema ni kwamba familia inayoshika mshahara wake inaweza kulipa deni kubwa kwa miaka na watoto wakakua na afya, na familia isiyoushika haiwezi kumaliza hata deni la laki mbili.

Naiomba semina hii, kabla ya kufungwa, iazimie jambo moja linaloweza kutekelezwa bila kusubiri bajeti wala waraka mpya: kila ofisa aliyemo humu, mshahara ujao utakapoingia, afike kwenye mashine ya ATM iliyo karibu na kituo chake cha kazi, ahesabu bahasha, na alete taarifa ya maandishi kwa mkurugenzi wake ndani ya wiki hiyo.