Ngazi Hupandwa Kidato kwa Kidato: Kuwafundisha Watoto Wetu Kiingereza

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi katika semina ya kamati za elimu za sharika



Tumeombwa kueleza juu ya madarasa ya Kiingereza yanayoendeshwa katika sharika zetu baada ya saa za shule. Tutaanza na kalenda, kwa kuwa kalenda ndiyo inayotubana.

Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na kwa mujibu wake elimu ya msingi ni miaka sita badala ya saba. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, sambamba na kaka na dada zao watakaomaliza darasa la saba mwaka huo huo. Januari 2028 makundi yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza. Wengi wao watakuwa wamesoma karibu masomo yote kwa Kiswahili, na ghafla watakutana na Baiolojia, Fizikia na Jiografia kwa Kiingereza. Kundi moja litafika hapo likiwa na mwaka mmoja pungufu wa maandalizi.

Tatizo lenyewe si jipya. Upimaji wa Uwezo wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba takriban nusu ya watoto wanaomaliza darasa la saba Tanzania hawakuweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili. Watoto hao hawakukosa akili. Walisogezwa darasa moja hadi jingine kwa kufuata umri, huku kile walichokiweza kikibaki pale pale.

Ndiyo maana baadhi ya wazazi wanatuomba tuanzishe kozi ya miezi mitatu kabla ya kidato cha kwanza. Tunauelewa wasiwasi wao. Hata hivyo, mtoto asiyeweza kusoma sentensi fupi hawezi kubebeshwa kitabu cha Baiolojia kwa miezi mitatu. Atakariri bila kuelewa. Wahenga walisema, kawia ufike.

Utaratibu tunaoutumia una asili yake India. Shirika la Pratham, lililoanza Mumbai mwaka 1995, liliwapanga watoto kwa kile wanachoweza kusoma na kuhesabu, si kwa darasa waliloandikishwa. Sisi tumeurekebisha kwa ajili ya Kiingereza, nasi tuna ngazi tano.

Ngazi ya kwanza ni masikio na mdomo. Mtoto anasikia "stand up" anasimama, anasikia "open the door" anafungua mlango. Kalamu bado. Kiswahili kina irabu tano, nacho kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Kiingereza sivyo: herufi "a" ina sauti moja katika "cat", nyingine katika "cake", na nyingine katika "car". Mtoto ambaye hajawahi kulisikia neno hawezi kulikisia kwa kulitazama.

Ngazi ya pili ni sauti za herufi na maneno mafupi. Hapa mtoto anajifunza kwamba "ship" ni meli na "sheep" ni kondoo, na kwamba sikio lake lazima lizitofautishe sauti hizo mbili.

Ngazi ya tatu ni sentensi. Sisi tunasema "ninakula", neno moja lenye mtendaji, wakati na tendo ndani yake. Kiingereza kinataka maneno matatu: "I am eating". Sisi tunasema "kitabu kikubwa", wao hutanguliza ukubwa, "big book". Mambo haya hayaeleweki kwa kuelezwa mara moja. Yanataka mazoezi ya kila siku.

Ngazi ya nne ni aya na hadithi fupi. Mtoto anasoma, anasimulia kwa Kiswahili tuone kama ameelewa, kisha anasimulia kwa Kiingereza.

Ngazi ya tano ni lugha ya masomo. Maneno kama "explain", "compare" na "list" ndiyo yanayobeba maswali ya mtihani. Mwanafunzi anaweza kulijua jibu, akaikosa alama kwa kutojua ameulizwa nini.

Kila baada ya wiki sita tunampima kila mtoto peke yake, kwa dakika chache. Anayeweza anapanda. Ambaye bado anabaki, nasi tunamtafutia mazoezi mengine. Ambaye hajaweza kusoma Kiswahili anaanza na Kiswahili kwanza, maana anayejua kusoma lugha yake hana haja ya kuanza upya kujifunza maana ya kusoma.

Ndugu wajumbe, hapa ndipo penye ugumu. Kwa utaratibu huu mtoto wa darasa la tano anaweza kukaa kikundi kimoja na wa darasa la tatu. Wazazi huona aibu, na mtoto huona aibu zaidi. Kwa sababu hiyo vikundi vyetu havina namba. Vinaitwa Mwembe, Mnazi, Mbuyu, na kadhalika. Aidha, tunakutana na wazazi kabla ya kupanga vikundi. Tunawaomba kamati mtusaidie kulisema hili nyumba kwa nyumba, kwa Wakristo na Waislamu, maana madarasa haya ni ya watoto wote.

Kwa kamati tunaomba mambo matatu. Kwanza, mchagueni mwalimu anayeweza kuzungumza Kiingereza na watoto, hata kama hana cheo kikubwa. Pili, nunueni vitabu vya hadithi kabla ya kununua sare na mabango. Tatu, anzeni na watoto wadogo sasa, wakati muda bado upo.

Kwa marafiki wanaotuchangia tunalo ombi moja. Msituulize tu ni watoto wangapi wameandikishwa. Tuulizeni ni wangapi wamepanda ngazi tangu taarifa iliyopita, na ni wangapi bado. Taarifa ya namna hiyo haitapendeza kila mara, lakini ndiyo itakayotuambia mahali pa kuongeza nguvu.

Kazi hii haina njia ya mkato. Mtoto akiruka kidato kimoja cha ngazi leo, ataanguka kidato cha kwanza kesho.