Umati Uliojaa Mlangoni

Somo: Marko 2:1–12

Kama uji bado uko motoni, uacheni uchemke polepole, tuzungumze kidogo.

Habari za yule mtu aliyepooza wa Kapernaumu twazijua tangu shule ya Jumapili. Twajua kwamba alibebwa na watu wanne, na kwamba walipokosa njia walipanda juu, wakatoboa dari na kumteremsha na godoro lake mpaka mbele ya Yesu. Wahubiri wengi wameisifu imani ya wale wanne, na ni haki waisifu. Lakini leo nataka tuwatazame watu wengine ambao hatuwataji sana, yaani wale waliojaa mlangoni.

Hao walikuwa nani? Hawakuwa wezi, wala hawakuwa wote maadui wa Bwana. Walikuwa watu waliofika mapema kusikiliza Neno. Marko haandiki kwamba kuna aliyemtukana mgonjwa au kumfukuza. Walimpa mgongo tu, kwa sababu nyuso zao zilielekea ndani. Ndugu zangu, kilichomzuia mtu yule mlangoni hakikuwa miguu yake. Miguu alikuwa ameazimwa minane. Kilichomzuia ni migongo ya watu waliokuja ibadani.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 hapa Kenya, watu 918,270 wa umri wa miaka 5 na zaidi walihesabiwa kuwa na ulemavu. Hao ni kama 2.2 kwa kila 100. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika dunia nzima ni kama 16 kwa kila 100. Tofauti hii kubwa hutokana kwa sehemu na jinsi swali linavyoulizwa, na mimi naamini pia kwamba iko nyumba ambayo karani alipobisha hodi, mtoto mmoja hakutajwa. Hata tukishika ile hesabu ndogo, ushirika wa watu 300 ungepaswa kuwa na watu sita au saba wenye ulemavu. Je, katika ushirika wako, hao sita wako wapi siku ya Jumapili?

Wacha nianze na hospitali. Fikiri juu ya mama kiziwi anayekwenda kujifungua. Amefika salama, kitanda kipo, mkunga yupo na ni mtu mwema. Mkunga anamwambia asukume. Yeye haoni ila midomo inayocheza. Anaambiwa asisukume, hajui. Mwisho mkunga anamgeukia shemeji yake aliyemsindikiza, na tangu hapo mambo yote ya mwili wake anaambiwa shemeji: kama ataongezewa damu, kama atafunga uzazi. Mama mwenyewe yuko pale pale, mtu mzima mwenye akili timamu, naye anapewa mgongo. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu asiyeona anayesomewa majibu ya damu yake kwa sauti mbele ya foleni nzima, na kwa mtu wa kiti cha magurudumu anayekuta zahanati ina ngazi tatu na kitanda cha kupimia kirefu kama meza ya duka. Dawa zimo ndani, lakini mlango umejaa.

Tena kuna ulemavu ambao ungepungua sana kama mlango ungekuwa wazi mapema. Mtoto akizaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani, mara nyingi hunyoshwa bila upasuaji mkubwa. Hufungwa plasta inayobadilishwa kila juma kwa majuma kadhaa, kisha huvaa viatu maalum vilivyounganishwa kwa chuma, hasa usiku, mpaka awe na miaka minne hivi. Kule Kijabe, hospitali ya watoto yenye ulemavu wa viungo imefanya kazi pamoja na kanisa la AIC tangu mwaka 1998. Lakini mama aliyeambiwa na majirani kwamba hiyo ni laana ya ukoo hataipanda gari kwenda Kijabe. Atamfunika mtoto shuka.

Kwa hiyo nawaomba mkumbuke Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Biblia yatuambia wazi jinsi alivyopata kulemaa miguu. Alikuwa na miaka mitano, habari za vita zikaja, yaya wake akamchukua akakimbia, na katika ile haraka mtoto akaanguka. Basi. Hakuna laana inayotajwa wala dhambi ya mama yake. Ilikuwa ajali ya njiani, kama ajali za bodaboda tunazozijua.

Na Daudi alipompata mtu huyo baada ya miaka mingi, alimfanyia nini? Sisi twakumbuka kwamba alimketisha mezani pa mfalme, lakini tukisoma vizuri 2 Samweli 9 tutaona kwamba alimrudishia pia mashamba yote ya Sauli babu yake, akamweka Siba na wanawe wayalime. Sisi makanisani tumekuwa wepesi wa meza. Krismasi ikifika twapeleka unga, sukari na blanketi, picha inapigwa, twarudi nyumbani. Habari ya shamba hatuigusi. Wakati ndugu wanagawana ardhi ya baba yao na kumruka yule asiyeona, ati ataitumia kwa nini, wazee wa kanisa huwa wamekaa pale pale kwenye viti vya wageni.

Juu ya shule, kanisa lina sifa yake, na si vizuri kuificha. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona kule Thika mwaka 1946, siku ambazo wengi hawakuamini kwamba mtoto asiyeona aweza kushika kitabu. Waliosoma kwa vidole katika shule kama hiyo wamekuwa walimu, mawakili na wachungaji. Lakini shule hizo ni chache na ziko mbali. Mtoto kiziwi aliyepelekwa bweni akiwa mdogo hurudi likizo akiwa na lugha nzuri ya ishara, na nyumbani hakuna hata mmoja aijuaye. Anakuwa mgeni kwa mama yake. Yafaa nasi tujifunze, hata kama ni kuanza na salamu tu.

Na ile shule ya kijijini, yenye jina la kanisa letu ukutani? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili wa shule viti vitatu katika halmashauri ya usimamizi, na kiti kimoja cha mtu wa kuwakilisha wenye mahitaji maalum. Ninyi mnaokalia vile vitatu, hicho cha nne kina mtu? Ama jina liliandikwa na mwenyewe haitwi mkutanoni? Mwalimu mkuu anapomwambia mzazi kwamba mtoto huyu atatushushia matokeo, ninyi husema nini?

Hapo tumefika kwenye mambo ya serikali. Wengine watasema, mchungaji, hiyo ni siasa. Basi soma Marko 10. Bartimayo alipaza sauti kando ya njia, umati ukamwambia anyamaze. Yesu akasimama, akamwita, kisha akamwuliza anataka afanyiwe nini. Kila mtu pale aliona kwamba haoni. Hata hivyo Bwana alimwuliza mwenyewe. Kutunga sera bila kuwauliza wenye ulemavu ni kujifanya tunajua kuliko yeye.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inawapa haki ya kuheshimiwa hata katika namna wanavyoitwa, haki ya kuingia shuleni na mahali pa umma, na ya kutumia lugha ya ishara na breli. Inaagiza pia kwamba, hatua kwa hatua, angalau watu 5 kwa kila 100 katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe wenye ulemavu. Sheria ya mwaka 2003 imefuatwa na mpya ya 2025. Maandishi hayajapungua. Lakini kaunti inapoita wananchi watoe maoni juu ya bajeti, mara nyingi mkutano huwa katika ukumbi wa kanisa, nao ukumbi una ngazi, na mkalimani wa ishara hayupo. Ukumbi huo ni wetu.

Neno moja zaidi. Lugha yetu imewaweka kipofu, kiziwi na kilema katika ngeli moja na kiti na kikapu. Wako wanaopenda kuitwa wasioona, au watu wenye ulemavu. Wako viziwi wasioona aibu kuitwa viziwi, na mimi nimewafuata leo. Mwulize mwenyewe. Nao ndugu zetu hao hawawezi kunisikia redioni, kwa hiyo nafurahi kwamba mazungumzo haya huchapwa.

Wazee wanaokutana juma hili, naomba mmoja wenu aje na kamba ya kupimia. Pimeni mlango wa kanisa, na wa choo pia, kwa maana choo husahauliwa. Kisha nendeni kwenye ile nyumba mnayoijua, mwulizeni aliye ndani kama kiti chake kitapita, na kama amekwisha kusajiliwa na Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu. Kama bado, itampasa apimwe kwanza hospitali ya serikali. Hapo itahitajika nauli, na watu wa kumsindikiza. Wanne watatosha.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.